Raba za Turubai Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa kila siku na watu wanaonunua, kufua, kutengeneza na kupamba raba za turubai hapa Pwani. Tumeanza na asili yake, tukaingia kwenye ununuzi, uvaaji na ufuaji, na mwisho yako mambo magumu: kutu, madoa ya dafu, soli zilizofunguka. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi, utaelekezwa lilipo.

## Asili na historia

Raba ya turubai ni ipi hasa?

Ni kiatu chenye kitambaa kizito cha pamba juu na mpira chini, na baina yao ukanda wa mpira unaozunguka kiatu chote. Huo ukanda ndio siri yake. Kiwandani hubandikwa ungali mbichi, kisha kiatu kizima, kitambaa na yote, huingizwa kwenye tanuri la mvuke lenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Humo mpira uliochanganywa na salfa huiva, hukaza na kushikamana na kitambaa. Raba za kukimbilia za siku hizi haziko hivyo. Soli yake ni povu lililotengenezwa mbali, likaja kubandikwa kwa gundi.

Ukilijua hilo utaelewa mengi yanayofuata: kwa nini raba ya turubai inafulika, kwa nini soli yake ni bapa, na kwa nini ikiharibika hufunguka pale ukanda unapokutana na kitambaa.

Nani alizianzisha?

Hakuna mtu mmoja. Mpira wa kawaida ulikuwa ukinata wakati wa joto na kukatika wakati wa baridi, mpaka njia ya kuupika kwa salfa ilipopatikana. Charles Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844, na Thomas Hancock akapata yake Uingereza miaka hiyo hiyo. Baada ya hapo viatu vya kitambaa na mpira vikaenea kwa Waingereza waliokwenda kupumzika ufukweni.

Katika miaka ya 1870 viatu hivyo vikapewa jina la plimsoll, na asili ya jina hilo mtu wa Mombasa ataielewa haraka. Samuel Plimsoll alikuwa mbunge aliyepigania meli zisipakiwe kupita kiasi, na mstari unaochorwa ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho wa kuzama unaitwa kwa jina lake. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini zinao hadi leo. Ukanda wa mpira kwenye kiatu ulifanana na mstari ule: maji yakiupita, mguu umelowa.

Raba ya All Star ya Converse ilikujaje kuitwa Chuck Taylor?

Marquis Mills Converse alifungua kampuni yake ya viatu vya mpira mwaka 1908 huko Malden, Massachusetts. All Star ikatoka mwaka 1917, kwa ajili ya mpira wa kikapu, mchezo uliokuwa bado mchanga kwani James Naismith aliubuni mwaka 1891. Chuck Taylor alikuwa mchezaji aliyejiunga na kampuni hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alizunguka mji hadi mji akifundisha mchezo na kuuza viatu, na katika miaka ya 1930 saini yake ikawekwa kwenye kiraka chenye nyota. Kiraka chenyewe hakikuwekwa kwa urembo tu, kilikinga kifundo cha mguu.

Toleo fupi, lisilofika kifundoni, lilikuja mwaka 1957. Mchezaji Wilt Chamberlain alipofunga pointi 100 katika mechi moja mwaka 1962, miguuni alikuwa na raba za Converse za turubai. Baadaye viatu vya ngozi na vya povu vikazitoa uwanjani, nazo zikabaki mitaani. Kampuni ilifilisika mwaka 2001, na Nike ikainunua mwaka 2003.

Na Vans?

Duka la kwanza lilifunguliwa Anaheim, California, mwezi Machi 1966. Viatu vilitengenezwa hapo hapo na kuuzwa hapo hapo. Vijana wa ubao wa magurudumu walizipenda kwa sababu soli yake nene ya mpira ilishika ubao vizuri. Aina yao ya Old Skool ya mwaka 1977 ndiyo ya kwanza kuwa na mstari ule uliopinda ubavuni. Iliongezwa ngozi ya suede kwenye vidole na kisigino, kwa kuwa turubai tupu lilikuwa likichanika upesi kwa kusugua ubao. Kwa hivyo Old Skool si turubai lote, na hili ni la kukumbuka wakati wa kufua.

Mbona watu wazima hapa husema "raba za Bata" tu?

Kwa sababu kwa wengi hiyo ndiyo iliyokuwa raba ya kwanza. Bata ilianzia Zlín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, mwaka 1894. Raba yake nyeupe ya Bata Tennis ilitolewa India mwaka 1936 kwa watoto wa shule wakati wa michezo. Kenya ina kiwanda cha Bata huko Limuru, na raba za turubai za shule zimevaliwa na vizazi kadhaa. Ni kiatu halali cha jamii hii ya viatu, hakistahili kudharauliwa mbele ya All Star. Kinafuliwa, kinapakwa rangi na kinatengenezwa kwa njia zile zile zilizoelezwa hapa.

## Kununua na kuchagua saizi

Mimi navaa namba 8. Nichukue namba 8?

Usiifuate namba peke yake. Namba 8 ya Uingereza kwenye All Star ya kawaida ni sentimita 26.5, lakini kwenye Vans namba 8 hiyo hiyo ni sentimita 27. Tafuta herufi CM kwenye kibandiko au ndani ya ulimi, ulinganishe na mguu wako.

Pima hivi: jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa joto la mchana, simama juu ya karatasi kisigino kikigusa ukuta. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine si kidole gumba. Pima miguu yote miwili, uchukue kipimo kikubwa. Raba nyingi hutaka nafasi ya kama nusu sentimita mbele ya kidole. Turubai hulegea kwa upana ukilivaa, ila kwa urefu haliongezeki kamwe, kwani mbele kuna kofia ya mpira. Muuzaji akikwambia "itafunguka" wakati vidole vimekunjika, rudisha.

Ninunue mtumba soko la Kongowea au mpya dukani?

Mtumba wa Kongowea una raba nzuri sana, hasa kwa anayejua kukagua. Kagua hivi kabla ya kuuliza bei:

Kunja mbele ya kiatu taratibu. Mpira mzima hukunjika na kurudi. Mpira uliozeeka huonyesha nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, na huo hauna dawa. Kisha ingiza kidole gumba ndani nyuma ya kisigino. Bitana ikiwa imetoboka na plastiki ngumu inagusa, itakukwaruza mpaka damu. Bonyeza ukanda wa mpira kwa kucha kuzunguka kiatu chote uone unapoachana. Tazama soli: ikiwa imelika upande mmoja tu, mwenyewe wa kwanza alikuwa akikanyaga upande, na kiatu kimeshashika mwendo wake. Mwisho nusa ndani. Harufu ya jasho huondoka, ya ukungu uliozama kwenye soli ya ndani huwa inarudi kila mvua.

Angalia pia kama viatu viwili ni ndugu. Kwenye robota, jozi huchanganyika, na namba 7 hufungwa pamoja na namba 7 na nusu. Zipange soli kwa soli utaona.

Nitajuaje All Star ya kweli?

Hakuna alama moja inayotosha. Tazama kazi kwa jumla: mishono miwili ya sambamba iende sawa bila kuyumba, ukanda wa mpira usiwe na mawimbi, kiraka cha nyota kikae upande wa ndani wa mguu, na viraka vya kushoto na kulia viwe kwenye kimo kimoja. Aina ya Chuck 70 ina turubai zito zaidi, mpira wenye rangi ya maziwa na mng'ao, na kibandiko cheusi kisiginoni, ilhali ya kawaida ina kibandiko cheupe.

Watu wengi hushtuka wakiona vinyuzi vyepesi vya kitambaa kwenye soli ya raba mpya ya Converse, wakidhani ni feki. La hasha. Viliwekwa kwa sababu ya ushuru wa forodha wa Marekani, ambako kiatu chenye soli ya kitambaa hutozwa kidogo. Huisha baada ya siku chache za kutembea.

Raba isiyo na jina kubwa lakini imeshonwa vizuri ni bora kuliko jina kubwa la kuiga. Kinachodumu ni mshono na mpira.

Yale matundu mawili ubavuni ni ya nini?

Ya kupitisha hewa. Usiyazibe kwa rangi wala kwa kitambaa cha kupambia, hasa katika joto letu.

## Kuvaa na kupendeza

Ndefu au fupi: ipi inanifaa?

Ndefu, ile inayofunika kifundo, huukata mguu kwa macho. Mtu mfupi akiivaa na suruali inayoishia katikati ya muundi, miguu huonekana mifupi zaidi. Akiivaa na suruali ya rangi ile ile ya kiatu, tatizo linaisha. Fupi huenda na karibu kila kitu na haina joto sana.

Lakini Mombasa kuna hesabu nyingine. Anayeingia mskitini mara tano kwa siku, au anayevua viatu kila akipanda barazani kwa watu, raba ndefu yenye matundu nane kila upande itamchosha ndani ya wiki moja. Ataanza kukanyaga kisigino ili ateleze mguu ndani, na kisigino kilichokanyagwa hakisimami tena. Huyo achukue fupi na kuifunga kwa kamba za lastiki, au zile za kuvaa bila kamba kabisa. Kijiko cha kuvalia viatu pia ni kitu kidogo kinachookoa kiatu.

Inakwenda na nguo zetu?

Inakwenda, ukiangalia pindo. Buibui au abaya nyeusi na raba fupi nyeupe ni mvao unaopendeza kila mahali, kuanzia chuoni hadi ufukweni Mama Ngina jioni, mradi pindo liishie juu kidogo ya ukanda wa mpira. Likiburura, mpira utalichafua na wewe utalikanyaga. Dera lenye maua mengi litafutie raba ya rangi moja iliyomo ndani ya dera lenyewe, isiyo kali: kama kuna kijani cha majani na chungwa, chukua kijani.

Kanzu ni suala la mahali. Kwa matembezi ya Ijumaa baada ya swala, raba nyeupe safi na kanzu ya rangi ya maziwa hupendeza. Kwa harusi au matanga, vaa makubadhi. Kikoi cha kiume huenda na raba iliyochakaa kidogo kuliko na mpya inayong'aa. Vyote viwili ni pamba, na pamba iliyofuliwa mara nyingi ina ulaini wake.

Suruali ya jinzi ikunje mkunjo mmoja wa sentimita 3 au 4, soksi zisionekane, au zionekane kwa makusudi. Nusu ya soksi ikichungulia huharibu kila kitu.

Kamba zifungwe vipi, na ziwe na urefu gani?

Kwa jozi 5 za matundu, sentimita 90 zinatosha. Jozi 6 au 7 zitake 115 hadi 120, na jozi 8 zitake 140. Ukitaka fundo kubwa, ongeza 15.

Mtindo wa mistari iliyonyooka kama ngazi ndio unaoulizwa sana. Ingiza kamba kutoka juu kwenda ndani kwenye matundu mawili ya chini. Ncha ya kushoto ipande ndani hadi tundu la pili la kushoto, itoke, ivuke kulia na kuingia tundu la pili la kulia. Ncha ya kulia iruke, ipande ndani hadi tundu la tatu la kulia, itoke na kuvuka kushoto. Endelea kupokezana. Mtindo huu hukaa sawa kwa jozi za shufwa, yaani 6 au 8. Kwa jozi 5 au 7, ncha moja itabaki juu na nyingine chini, ndipo watu wanapodhani wamekosea.

Kama fundo lako hulala kufuata urefu wa mguu badala ya kukaa kwa mapana, na kamba zinafunguka kila baada ya mtaa mmoja, geuza hatua ya kwanza: kama ulipitisha kushoto juu ya kulia, pitisha kulia juu ya kushoto. Fundo litakaa kwa mapana na halitafunguka.

Nataka kuzichora. Nitumie rangi gani?

Rangi ya vitambaa, au akriliki iliyochanganywa na kilainisho chake. Rangi ya nyumba hupasuka siku ya kwanza pale kiatu kinapokunjika, na kalamu ya wino wa mafuta huenea kando ya nyuzi hadi mstari mmoja unakuwa mitatu.

Fua kiatu kwanza na kikauke kabisa, hata kiwe kipya, kwani turubai jipya huwa na wanga wa kiwandani unaozuia rangi isishike. Jaza ndani karatasi mpaka kitambaa kitanuke. Bandika selotepu ya karatasi kwenye ukanda wa mpira. Chora kwa penseli. Paka tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Tabaka moja nene ndilo linalobanduka. Acha saa 24, kisha weka kitambaa cha pamba juu na upitishe pasi yenye moto wa kadiri kwa dakika 3 hadi 5, bila kugusa mpira.

Wanaotafuta michoro ya kwetu wasihangaike mbali. Nakshi za milango ya Mji wa Kale zina mayungiyungi, minyororo na mawimbi ambayo yanajipanga vizuri kwenye kipande kirefu chembamba kama ubavu wa kiatu. Chagua pambo moja ulirudie. Ukijaza mapambo manne kwenye sentimita 20, hayatasomeka hatua mbili mbali.

Naweza kushonea kanga au kikoi?

Ndiyo, na kwa kanga chukua kipande cha pindo, si cha mji, kwa kuwa maua ya mji mara nyingi ni makubwa kuliko kiatu. Kanga ni nyembamba. Ukiishona peke yake itachanika kwenye mkunjo. Ipe mgongo wa kitambaa kingine chepesi cha pamba, ukunje kingo nusu sentimita ndani, ushone kwa uzi wa nailoni na sindano imara. Mishono iwe ya milimita 3 au 4. Anzia kisiginoni kwenda mbele na uishie kabla ya pale vidole vinapokunjika. Vitambaa vyote viwili, kanga na kile cha mgongo, vifuliwe kwanza, la sivyo vitanywea kiatuni na kufanya makunyanzi. Kikoi ni kizito zaidi na hakihitaji mgongo.

## Kufua na kutunza

Raba nyeupe nifueje zisigeuke manjano?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na sababu ya umanjano karibu kila mara ni moja: sabuni iliyobaki ndani. Kiatu kikikauka, maji hutoka ndani kuja juu yakibeba sabuni na uchafu, yakifika juu hukauka na kuviacha hapo. Ndiyo maana doa la manjano hukaa karibu na mpira, mahali kitambaa ni kinene na huchelewa kukauka.

Toa kamba na soli ya ndani. Piga viatu kwa viganja kutoa mchanga, kisha sugua kwa brashi kavu. Mchanga ukiloweshwa husaga nyuzi. Changanya kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya unga na lita 2 za maji ya uvuguvugu. Sugua kwa mswaki wa zamani kwa mzunguko, ndani na nje. Usiloweke usiku kucha: dakika 15 ni nyingi. Suuza mara tatu au nne mpaka maji yawe maangavu, kisha mara ya mwisho kwa lita 2 zenye vijiko 3 vikubwa vya siki nyeupe.

Hapa ndipo wengi wa Mombasa wanapoangukia. Maji ya visima vingi vya kisiwani na mitaa ya pwani yana chumvi. Sabuni haifanyi povu vizuri, mtu anaongeza sabuni, na suuzo la mwisho linaacha chumvi ndani ya kitambaa. Chumvi huvuta unyevu hewani, kiatu hakikauki kamwe sawasawa, na pete za matundu huota kutu. Fua kwa maji ya kisima ukilazimika, lakini suuzo la mwisho liwe la maji matamu, hata kama ni lita 2 tu ulizonunua kwa mkokoteni.

Jaza ndani kitambaa cheupe au karatasi nyeupe isiyo na wino. Gazeti huacha alama. Funika na nje pia kwa karatasi ya shashi ikiwa ni nyeupe kabisa: umanjano utakaa kwenye karatasi badala ya kiatu. Kausha kivulini penye upepo, kisigino kikitazama juu. Upepo wa kaskazi hukausha kwa siku moja. Katika mvua za masika zinaweza kuchukua siku mbili, kwa hivyo usifue Jumapili jioni viatu vya Jumatatu.

Jiki je?

Acha. Klorini hudhoofisha pamba, hula uzi wa mshono na huugeuza mpira na gundi iliyo chini ya kitambaa kuwa ya manjano ambayo haitoki tena. Weupe wa wiki ya kwanza hulipwa kwa umri wa kiatu.

Zimeshageuka manjano. Zimekwisha?

Rudia suuzo la siki lililotajwa juu, mara mbili. Ikishindikana, ziongoze kwenye rangi nyingine. Chemsha mifuko 6 ya chai katika lita 2 za maji, subiri yapoe hadi uvuguvugu, paka mpira mafuta ya mgando usinywe rangi, zamisha viatu dakika 20 ukivigeuzageuza, kisha suuza. Zitatoka rangi ya maziwa, sawa kote, na watu watadhani ulizinunua hivyo. Uzi wa mshono ukiwa wa poliesta utabaki mweupe.

Mpira wenyewe nausafishaje?

Soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai, maji matone machache iwe uji mzito, mswaki, dakika mbili, futa. Dawa ya meno nyeupe pia hufaa. Mafuta ya taa na petroli hulegeza mpira na kuufanya unate.

Naweza kutumia mashine?

Turubai tupu linavumilia, kwa maji baridi na ndani ya foronya. Zenye suede, kama Old Skool, la. Kausho la moto la mashine ni marufuku kwa zote, kwa kuwa joto hulegeza ushikamano wa ukanda.

## Mambo magumu

Kutu imetoka kwenye pete na kuchafua kitambaa.

Ndimu na chumvi. Nyunyiza chumvi ya unga juu ya doa, kamulia ndimu mpaka ilowe, weka juani saa moja ukiongeza ndimu ikikauka. Asidi huyeyusha kutu na kuiachia ioshwe. Suuza vizuri sana, na kwa maji matamu, kwani umeongeza chumvi wewe mwenyewe. Kwa turubai la rangi jaribu kwanza nyuma ya ulimi, ndimu huweza kufifisha rangi. Kisha pake pete zote rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili. Ukiacha hatua hii, kutu itarudi mwezi ujao.

Dafu limemwagika juu.

Maji ya dafu hayaonekani yakiwa mabichi, ndiyo hatari yake. Yakikauka huacha doa la hudhurungi lisilotoka kwa sabuni. Suuza papo hapo kwa maji baridi mengi, hata ya chupa ya kunywa, kabla hujaondoka kwa muuza madafu. Doa lililokwisha kukauka jaribu ndimu kama kwenye kutu, na ujue litapungua, huenda lisiishe. Kwa korosho mbichi na utomvu wa embe ni hivyo hivyo.

Nimetia sabuni kwenye doa la mchuzi likawa jekundu!

Ni manjano iliyokuwa kwenye mchuzi, nayo hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni. Hujaharibu kitu. Endelea kusuuza itarudi njano, halafu weka kiatu chenye unyevu juani saa mbili au tatu. Mwanga wa jua huiua rangi ya manjano. Hapa na kwenye dawa ya ndimu ndipo pekee tunaporuhusu jua kali kwa turubai.

Ukanda wa mpira umefunguka pembeni. Nibandike na supagluu?

Hapana. Supagluu ikikauka huwa ngumu kama kioo, na pale ndipo kiatu kinapokunjika. Itakatika, na safari hii itang'oa nyuzi za turubai.

Fua na ukaushe siku mbili. Sugua pande zote mbili kwa msasa mpaka mng'ao uishe, futa vumbi. Paka gundi ya mafundi, ile ya njano ya kopo, tabaka nyembamba kila upande. Sasa subiri dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole haing'ang'anii. Watu hubana mara moja ikiwa bado mbichi, gundi inajifungia unyevu ndani, wiki mbili baadaye wamerudi pale pale. Bana kwa nguvu, zungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, acha saa 24.

Ikiwa imefunguka zaidi ya nusu ya kiatu, mpelekee fundi aishone kwa nailoni kuzunguka ukanda. Mwambie ashone ndani ya mfereji wa ukanda, si juu yake, ili uzi usilike barabarani. Kiatu kilichoshonwa hudumu, ila maji ya mvua hupenya matundu ya sindano.

Ukungu unaota nikiziacha ndani wiki mbili.

Zimehifadhiwa zikiwa na unyevu, au ndani ya mfuko wa plastiki. Toa nje, sugua kavu nje ya nyumba ili vumbi la ukungu lisisambae ndani, futa kwa siki nyeupe, acha saa moja, fua kama ilivyoelezwa. Zihifadhi kwenye rafu iliyo wazi, mbali na ukuta, na kifuko cha kitambaa chenye makaa makavu ndani ya kila kiatu. Makaa yaanikwe juani kila mwezi.

Zinanuka ingawa nazifua.

Soli ya ndani haikauki. Itoe kila jioni. Weka kijiko kikubwa cha soda ya kuokea usiku, kung'uta asubuhi. Kiatu kinataka saa 24 za kupumzika baada ya kuvaliwa siku nzima. Jozi mbili za bei ndogo zinazopokezana huishi muda mrefu kuliko moja ya bei kubwa inayovaliwa kila siku. Soli ya ndani ya povu inayomeng'enyeka ikishikwa haina matibabu, inunuliwe nyingine.

Nilitembea nazo majini Nyali. Sasa?

Zisuuze kwa maji matamu siku hiyo hiyo, kabla chumvi haijakauka, na pete uzifute moja moja.

Nyayo zinauma nikitembea sana. Ni viatu au ni mimi?

Ni viatu. Soli ni bapa na nyembamba, haina kinachoshika upinde wa mguu. Weka soli ya ndani nene yenye upinde, ukikumbuka kwamba itachukua nafasi ya nusu saizi. Kwa kukimbia, au kwa kazi ya kusimama kutwa kwenye sakafu ya saruji, vaa kiatu kingine. Maumivu ya kisigino yanayokukuta asubuhi unapokanyaga chini mara ya kwanza, yakizidi wiki mbili, yapeleke hospitali.